Kikao cha Koo za Salmonela

Ijumaa ya wiki iliyopita, saa nane kasoro dakika ishirini mchana, Lugano Mwambeta aliota ndoto akiwa amekaa wima kwenye kiti cha maabara, koti jeupe limefungwa vifungo vyote na kalamu i mkononi. Hakukusudia kulala. Lakini usiku nne mfululizo alikuwa amegeuka kitandani kama chapati, na tangi la jeli lililokuwa mezani mbele yake lilikuwa linavuma taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani: bila uchungu na bila haraka.

Kabla hatujafika kwenye ndoto, ni haki kueleza kilichomnyima usingizi.

Jumamosi iliyotangulia, shule moja ya msingi kwenye mji mdogo wa milimani, huko nyanda za juu kusini, ilimuaga mwalimu mkuu wake. Mwalimu Ambilikile alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya chaki. Ndiye aliyemfundisha Lugano kusoma, darasa la kwanza, kwa fimbo moja na subira nyingi. Watu walikula, wakasifu, wakafungiwa na cha kwenda nacho nyumbani. Kufika Jumapili asubuhi, watu thelathini na saba walikuwa wanapigana vikumbo kwenye milango ya vyoo, na Mwalimu Ambilikile mwenyewe yuko wodini ametundikiwa dripu. Siku tano baadaye wengine wote walikuwa wameshapona. Yeye homa ilikuwa bado haijashuka.

Chakula kilipikwa na Bi. Tumpe Kasyupa. Mama huyu alikuwa amepikia harusi, misiba na mikutano kwa miaka ishirini na miwili, na pale mjini mtu akialikwa sherehe huuliza kwanza nani anapika, ndipo aulize nani anaoa. Jumatatu asubuhi jiko lake lilifungwa kwa mnyororo.

Sampuli zikaletwa kwenye maabara ndogo ya chakula alikofanya kazi Lugano. Kwenye ubao wa kukatia nyama wa Bi. Tumpe ikaonekana salmonela. Kwenye kinyesi cha wagonjwa watano, Mwalimu akiwa mmoja wao, ikaonekana salmonela. Mkuu wa maabara, Bwana Mwaihojo, akaona kazi imekwisha.

"Salmonela huku, salmonela huku," alisema. "Unataka nini tena, waje na barua ya mtendaji wa kijiji? Andika ripoti. Saa tisa watu wa afya wanaipitia."

Kulikuwa na sampuli nyingine, kikopo cha plastiki kilichoandikwa "keki, krimu nyeupe". Hiyo Bwana Mwaihojo alisema isisumbuliwe. Keki ilikuwa imeokwa na mke wake. Maabara nzima ilijua, na maabara nzima ilikuwa imepata ghafla mambo mengine ya kuzungumza. Mkataba wa Lugano ulikuwa unaisha mwezi Juni, na anayependekeza nani abaki na nani aende ni Bwana Mwaihojo.

Hata hivyo, Lugano aliiotesha ile krimu. Nayo ikatoa salmonela.

Asubuhi ya Ijumaa akachukua vinasaba vya bakteria wa sampuli zote saba, yaani wa wagonjwa watano, wa ubao na wa krimu, na baada ya chakula cha mchana akavitia kwenye vishimo vya jeli, akawasha umeme. Vinasaba vikisukumwa ndani ya jeli hujipanga michirizi, na kila ukoo wa bakteria una michirizi yake, jinsi kila kanga ilivyo na maneno yake. Kilichobaki kilikuwa kusubiri kama saa moja. Nje ya dirisha Bi. Tumpe alikuwa ameketi kwenye benchi, kama alivyoketi kila siku tangu Jumatatu, kikapu miguuni, hasemi na mtu. Siku ya kwanza tu ndiyo alisema. Alisema, "Mwanangu, niulizeni basi. Nitazameni vizuri."

Lugano akamtazama dirishani. Akatazama fomu ya ripoti, ambayo Bwana Mwaihojo alikuwa ameshaijaza, imebaki saini. Akaanza kuandika jina lake, akafika "Luga", akalala.

"Samahani, kaka," sauti ikasema. "Hii foleni ni ya nini?"

Lugano akageuka. Nyuma yake amesimama bakteria mwenye umbo la punje ya mchele, kimo cha mtu mzima, vinyweleo vimechanwa vikalazwa upande mmoja. Amejitanda shuka ya michirizi. Lugano akamweleza kwamba ni foleni ya jeli, inaelekea upande wa chanya.

"Huko chanya kuna nini?"

"Sijui. Ndiko umeme unakotupeleka."

"Basi ni foleni kama nyingine," bakteria akasema, akatulia.

Foleni zilikuwa saba. Maji ya uvuguvugu yaliwafika kiunoni. Kanuni ya jeli ni kwamba vipande vifupi hutangulia na virefu hukwama, na hapa kanuni ilifuatwa bila upendeleo: wafupi walipenya chini ya makwapa ya watu wakisema hodi hodi, warefu walikwama kwenye matundu wakawa wanajadili mvua. Lugano naye alikuwa amekwama. Mchana alikula kande na parachichi zima.

"Vuta tumbo," bakteria akamshauri.

"Nimevuta. Kilichobaki ni diploma."

Bakteria akamsukuma kwa bega, akapita. Lugano akashukuru, akamuuliza jina.

"Naitwa Salmon... samahani kidogo." Bakteria akashika kiuno, akajibana katikati, akawa wawili. Ilichukua muda wa kufunga kamba za kiatu. "...ela," wakamalizia wote wawili.

"Mnafanya hivyo mara nyingi?"

"Kila dakika ishirini, tukipata joto," akasema wa kushoto.

"Mimi ndiye niliyekuwa nazungumza naye," akasema wa kulia.

"Wewe ulikuwa wapi? Umezaliwa sasa hivi."

"Na wewe je?"

Wote wawili wakalifikiria hilo. Kisha wa kushoto akatazama ukutani, ingawa hapakuwa na saa, akasema twendeni, kikao cha koo kinaanza na akidi bado haijatimia.

"Mtaitimizaje?" Lugano akauliza.

"Tutasubiri dakika ishirini."

Umeme ukakatika. Hakuna aliyeshangaa. Uliporudi, jeli haikuwepo, na Lugano alikuwa amesimama kwenye uwanja mweupe, laini, unaonata kwenye soli za viatu. Mbele yake zilisimama herufi nyekundu zenye urefu wa kuta za nyumba. Alizisoma moja moja kama alivyofundishwa: KWAHERI MWALIMU. Walikuwa juu ya keki. Kikao kilikuwa kinafanyika ndani ya herufi M ya kwanza, kwa kuwa ina kivuli.

Mwenyekiti alikuwa ubao wa kukatia nyama. Lugano aliutambua kwa karatasi aliyoibandika mwenyewe: sampuli namba sita.

"Mgeni akae," ubao ukasema. Ulikuwa na sauti ya mwenye nyumba mstaafu. "Mimi nina makovu mia tatu na kumi na mawili, na kila kovu lina mpangaji. Wapangaji wangu ni wale pale."

Wapangaji wakainua mikono. Walikuwa salmonela wafupi, wakimya, wamevaa shuka za rangi ya udongo.

"Wamehamia lini?" Lugano akauliza.

"Tangu Pasaka. Walikuja na kuku. Sisemi ni watu wazuri. Nasema hawajapata nafasi. Kila kinachokatwa juu yangu kinaingia sufuriani, na Tumpe huchemsha mpaka mfupa unaachia nyama. Kachumbari anakatia kwenye sahani. Hawa kazi yao ni kuwaaga wenzao tu."

Mmoja wa wapangaji akapangusa chozi. "Jumamosi wameondoka mia nane," akasema. "Hakurudi hata mmoja."

Kabla Lugano hajampa pole, filimbi ikalia. Mgambo akaingia kwenye herufi M, buti zake zimezama kwenye krimu hadi vifundoni. Mkononi ana hati.

"Namtafuta Salmonela," akasoma.

Ukumbi mzima ukasimama.

Mgambo akawatazama, akatazama hati. "Mmoja tu."

"Yupi?" ubao ukauliza.

"Aliyeandikwa hapa."

"Hilo ni jina la kabila zima, afande. Koo zenyewe zinapita elfu mbili na mia tano. Kila ukoo una milango yake, na kuna milango ambayo haijasalimiana tangu enzi za babu zetu. Wa kwenye kuku, wa kwenye mayai, wa kwenye mijusi. Huyu anaharisha watu, yule anaishi na kobe kwa amani. Sasa wewe unamtaka yupi?"

"Jina likifanana, mtu ni yule yule," mgambo akasema. "Ndivyo nilivyoagizwa na Bwana Mwaihojo." Akaigeuza hati. "Na huku nyuma yupo Lugano Mwambeta. Aliiba mbuzi watatu Kandete, mwaka juzi."

Lugano alikuwa amelelewa kuitika anapotajwa. "Lugano Mwambeta ni mimi," akasema. "Lakini Kandete sijawahi kufika."

"Amekiri."

Mgambo akamfunga pingu. Zilikuwa za krimu, lakini Lugano aliziheshimu.

Hapo ndipo Lugano alipoogopa. Mpaka wakati ule alikuwa amechukulia mambo yote kwa utulivu, foleni, umeme, hata bakteria kuwa wawili. Sasa aliona watu wote wamesogea hatua moja nyuma, kama watu wasogeavyo mbali na sufuria iliyosemwa vibaya. Alijiona akitoka kwenye gazeti, jina lake na mbuzi watatu. Alimwona mama yake akisoma. Akafungua mdomo, na yaliyotoka hayakuwa maneno yake.

"Niulizeni basi," akasema. "Nitazameni vizuri."

"Ni haki," ubao ukasema. "Waitwe mbuzi."

Mbuzi watatu wakaingia kwa mstari. Mkubwa wao alivaa miwani. Akamzunguka Lugano mara mbili, akamnusa kiwiko, akauma kidogo pindo la koti lake kwa ajili ya kumbukumbu.

"Siye," akasema. "Aliyetuiba alikuwa mnene, anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani, na kamba alifunga vizuri sana. Huyu hawezi kufunga hata kifurushi."

"Lakini jina," mgambo akasema.

"Jina hatukuliona, afande. Ilikuwa giza. Tulimwona mtu." Mbuzi akavua miwani, akaifuta kwa ulimi. "Afunguliwe koti, mhesabu."

Wakamfungua vifungo. Tumboni Lugano alikuwa na michirizi minane, minene na myembamba, inayong'aa kidogo. Hakuwahi kuiona, ingawa huoga kila siku. Mbuzi akasema mwizi wa Kandete alikuwa na sita, na mmoja umepinda. Mgambo akahesabu kwa kidole, akarudia kuanzia chini, kisha akafungua pingu na kulamba vidole.

"Sasa na sisi tufungue," ubao ukasema.

Shuka zikateremshwa ukumbi mzima. Lugano, ambaye sasa alikuwa huru na anajua kazi yake, akapita katikati yao akitazama. Wapangaji wa ubao walikuwa na michirizi mitano iliyoachana sawasawa, kama ngazi. Wale waliotoka wodini, wote wa foleni tano, walikuwa na mmoja mnene juu, mitatu iliyobanana, halafu nafasi, halafu miwili. Akatembea mpaka ukingo wa herufi, walikokaa wenyeji wa keki wakining'iniza miguu. Mmoja mnene juu. Mitatu iliyobanana. Nafasi. Miwili.

"Ni ninyi," Lugano akasema.

"Ni sisi," wakakubali bila kinyongo. Alikuwa yule yule wa kwenye foleni, na sasa alikuwa themanini.

"Mmefikaje huku?"

"Kwa yai. Mke wa Bwana Mwaihojo alipiga krimu kwa mayai mabichi, mkono wake ni mwepesi, tulifurahi. Tulikuwa wachache. Mngetukuta mezani tumekaa kiungwana, msingejua kama tupo."

"Niliwasubiri mimi," friji ikasema kutoka nyuma. Ilikuwa friji ndogo ya rangi ya maziwa, imesimama peke yake, mlango uko wazi, taa yake inawaka kwa unyonge. "Nilikuwa na nyanya mbili na chupa ya maji. Nafasi nilikuwa nayo."

"Keki ilikuwa ndefu," bakteria akaeleza. "Juu palikuwa na mwalimu wa sukari. Walipojaribu kuiingiza, kichwa chake kikagonga rafu. Hawakutaka kumkata mwalimu kichwa siku ya kuagwa."

"Wangetoa rafu," friji ikasema, ikafunga mlango wake.

"Basi wakatuweka juu ya kabati la televisheni, tangu asubuhi. Jua lilikuwa dirishani. Tuliangalia kipindi cha kilimo, tukaangalia na mpira. Kufika saa nane tulikuwa wengi kiasi kwamba tulilazimika kuchagua mwenyekiti."

Lugano akaona bakteria anachezea kitu kidoleni, pete ndogo ya uzi wa vinasaba.

"Hiyo umepata wapi?"

"Hii? Nimepewa na jamaa mmoja kwenye banda la kuku. Si wa ukoo wetu, wala si salmonela. Tulikutana tu, akaitoa nakala akanipa, nami nimewapa wote. Sisi hatunyimani. Ukiivaa, dawa haikuoni. Subiri."

Mlango ukafunguka. Kikaingia kidonge kirefu, nusu chekundu nusu cheusi, kimevaa tai, tochi mkononi. Kikamulika uso wa bakteria wa kwanza, kikamulika wa pili, kikamulika meza zote, kikawapita mmoja mmoja mpaka mwisho wa ukumbi. Kikaandika kwenye daftari: Hakuna mtu. Kikatoka kwa heshima.

"Kila baada ya saa nane kinakuja," bakteria akasema. "Siku ya sita leo. Tumeshakizoea."

Nyuma ya kidonge mlango ulibaki wazi, na kule ng'ambo Lugano aliona wodi. Mwalimu Ambilikile alikuwa amelala kitandani, jasho linamtiririka, rundo la madaftari kifuani, anasahihisha. Alikuwa amekonda. Midomo ilikuwa imekauka. Akainua daftari moja, akalitazama kwa mbali kwa kuwa miwani hakuwa nayo.

"Lugano."

"Naam, Mwalimu."

"Umesoma swali mpaka mwisho?"

"Bado, Mwalimu."

"Nilikufundisha kusoma nusu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Haya." Mwalimu akaliweka daftari chini, taratibu, kama kitu kizito, akafumba macho. Na Lugano, ambaye hakuwa amelia alipofungwa pingu, akaanza kutoka machozi pale kwenye krimu, mbele ya mbuzi na watu wote. Akataka kukimbilia kitandani. Miguu ikanasa. Akavuta. Mgambo akapuliza filimbi, akapuliza tena, akapuliza mfululizo bila kupumua.

Ilikuwa kengele ya mashine. Saa nane na dakika arobaini. Jeli imekwisha.

Lugano alijipangusa uso kwa mkono wa koti. Akalitoa bamba la jeli, akaliweka juu ya mwanga wa urujuani, akainama.

Kishimo cha kwanza mpaka cha tano, wagonjwa: mchirizi mmoja mnene juu, mitatu iliyobanana, nafasi, miwili. Cha sita, ubao: mitano kama ngazi. Cha saba, krimu: sawasawa na cha kwanza. Alikitazama hicho kwa muda mrefu zaidi, si kwa sababu hakikuwa wazi, bali kwa sababu kilikuwa wazi mno. Akapiga picha.

Halafu, bila kujiambia kwa nini, akafungua kabati la joto na kutoa kisahani ambacho alikuwa amekiotesha jana yake, chenye bakteria wa Mwalimu na duara ndogo za karatasi zilizolowekwa dawa mbalimbali. Dawa ikifanya kazi, huacha uwanja mtupu kuzunguka karatasi yake. Kuzunguka dawa aliyokuwa anapewa Mwalimu hapakuwa na uwanja. Bakteria walikuwa wamestawi mpaka kwenye ukingo wa karatasi, wengine wameegemea. Karatasi mbili kutoka hapo kulikuwa na dawa nyingine, na hiyo uwanja wake ulikuwa mpana kama sarafu ya shilingi mia.

Akachukua picha, kisahani na fomu. Kufika ofisi ya Bwana Mwaihojo lazima upite kwenye benchi la nje.

Bi. Tumpe hakuinuka. Alimtazama tu, kama alivyowatazama wote waliopita na makaratasi wiki nzima.

"Mama," Lugano akasema. "Mama, si wewe."

Alikuwa hajapanga kusema. Lakini limeshatoka, na neno likishatoka mbele ya mtu mzima halirudi. Bi. Tumpe akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kama kifuniko cha sufuria.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru mwishoni kwa lugha ya nyumbani. "Ndaga fijo."

"Ila ule ubao uuchome moto."

Akashtuka. "Ubao? Ubao nilipewa na mama mkwe!"

"Uchome, mama. Nunua mpya, na kila ukikatia kuku umwagie maji yanayochemka. Umeshapangisha."

"Nimepangisha nini?"

Lakini Lugano alikuwa ameshabisha hodi.

Bwana Mwaihojo alikuwa anatazama saa. "Umesaini?"

"Bado, mkuu." Akaiweka picha mezani.

Bwana Mwaihojo alikuwa na miaka ishirini kwenye kazi ile. Yeye ndiye aliyemfundisha Lugano kusoma jeli. Aliipitisha kidole, kishimo kwa kishimo, na kidole kilipofika cha saba kikasimama.

"Hiki cha nini?"

"Krimu."

"Nilisema isisumbuliwe."

"Ndiyo, mkuu. Ulisema."

Nje, mtu alikuwa anafyeka majani. Bwana Mwaihojo aliendelea kutazama picha kana kwamba michirizi ingeona haya ikasogea. Lugano alisimama akisubiri kufukuzwa. Akasukuma kisahani mbele.

"Na hiki ni cha Mwalimu Ambilikile."

Mkuu akakiinua kwenye mwanga. Akasoma herufi zilizoandikwa kwenye karatasi za dawa. Akazisoma tena.

"Wanampa ipi?"

"Hiyo isiyo na uwanja."

"Tangu Jumapili?"

"Tangu Jumapili."

Bwana Mwaihojo akaweka kisahani chini, akachukua simu. Alipiga wodini mwenyewe. "Badilisheni dawa," alisema, akaitaja ile ya uwanja mpana. "Sasa hivi. Hapana, si kesho daktari akipita. Sasa. Mimi nakuja na karatasi." Alipokata simu alionekana mzee kidogo, lakini pia mwepesi kidogo, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akaichukua fomu ya zamani, yenye "Luga" kwenye mstari wa saini, akaichana mara nne.

"Chukua nyingine," akasema. "Andika, mimi nitasaini. Mama yule afunguliwe jiko leo. Na kwenye chanzo cha maambukizi, andika ukweli. Kwangu nitajua la kusema."

Lugano akaketi, akaanza kuandika, akisema kwa sauti ya chini kila anachoandika, kama alivyozoea.

"Chanzo. Krimu ya keki iliyotengenezwa kwa mayai mabichi. Keki haikuenea kwenye friji, kwa sababu sanamu ya sukari iligonga rafu. Ikawekwa juu ya kabati la televisheni tangu asubuhi, jua likiwa dirishani, hadi saa nane..."

"Nani kakwambia?"

Lugano akainua kichwa. Bwana Mwaihojo alikuwa amesimama, mikono juu ya meza, rangi imemtoka.

"Nakuuliza, nani kakwambia habari ya kabati? Kwangu hujawahi kufika. Watoto siku ile walikuwa kwa bibi yao. Mle sebuleni tulikuwa wawili tu, mimi na mke wangu."

Lugano akakitazama kile kisahani kilichokuwa mezani kati yao.

"Hamkuwa wawili, mkuu," akasema, akaendelea kuandika.